Mkia wa Anwani Yako Unamwambia Nini Mgeni?

Dada mmoja mwenye kampuni ndogo ya safari aliniita ofisini kwake Arusha nimsaidie kusoma barua pepe iliyotoka Munich. Aliyeandika alikuwa mzee mstaafu. Alitaka kuja na mkewe kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara, na kwa wiki mbili alikuwa ameuliza kila kitu: mahema, maji ya kuoga, dawa za malaria, uzito wa mizigo kwenye ndege ndogo. Sasa alikuwa anaaga. Aliandika kwa upole kwamba amepiga simu mara tatu na kila mara ikapokelewa kwa Kiingereza. Aliomba cheti cha dhamana ambacho waandaaji wa safari nchini kwao humkabidhi mteja kabla ya kupokea fedha zake, hakukipata. Yeye na mkewe walidhani wanazungumza na kampuni ya Ujerumani.

Dada akanigeukia. "Kaka, mimi huyu mzee nimemdanganya wapi? Si nimeandika kwamba tuko Arusha?"

Aliandika kweli, chini kabisa ya ukurasa wa mawasiliano, kwa herufi ndogo. Lakini kwenye kila barua na kila kipeperushi anwani ya tovuti yake iliishia na .de, na .de ni Ujerumani. Kuna mtu alimshauri kwamba Mjerumani haamini tovuti isiyo na .de, naye akalipia jina, akatafsirisha kurasa zote kwa programu ya bure, akakaa kusubiri wateja. Wateja walikuja. Walichokikuta ndani hakikufanana na kilichoandikwa mlangoni.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue mkia gani kwa ajili ya tovuti inayolenga watu wa nje, humrudishia swali kwanza: mkia huo unamwahidi mgeni nini, na wewe unayo nguvu ya kuitimiza ahadi hiyo saa tatu usiku simu inapoita?

Nikisema mkia nina maana ya herufi zinazokuja mwishoni mwa anwani: .com, .co.tz, .ke, .org na wenzake. Jina zima ndilo linaloitwa kikoa kwenye nyaraka rasmi, na domeni mitaani. Kanuni moja inafungua mlango wa mengine yote: mkia wenye herufi mbili za Kilatini ni wa nchi au eneo fulani, daima. Herufi hizo zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya alama za nchi, ndiyo maana Tanzania ina .tz, Kenya .ke, Uganda .ug na Oman .om. Mikia mirefu zaidi haikufungwa na nchi. Mkubwa wao ni .com, ulioanza mwaka 1985. Jina la kwanza kusajiliwa chini yake lilikuwa symbolics.com, tarehe 15 Machi mwaka huo, na leo majina yenye mkia huo yamepita milioni 150. Kisha mwaka 2012 ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, lilipokea maombi ya mikia mipya, ikazaliwa zaidi ya 1,200. Leo muuza kahawa wa Mbinga anaweza kuishia na .coffee akitaka, na mwongoza watalii na .tours.

Wingi huo umewachanganya watu. Wauzaji wa majina nao wanaongeza mkanganyiko, kwa sababu faida yao iko katika kukuuzia sita pale unapohitaji mawili.

Tuanze na linaloulizwa zaidi, Google. Watu wengi wanaamini kwamba ukiwa na .co.tz Google itakuficha kwa wasomaji wa nje, na ukiwa na .com itakutandaza dunia nzima. Ukweli uko katikati. Google huchukua mkia wa nchi kuwa dalili kwamba tovuti inawahusu zaidi watu wa nchi hiyo. Tovuti ya .de inasomwa kuwa ya Ujerumani, ya .co.tz kuwa ya Tanzania. Ile ya .com haina upande, kwa hiyo Google hutafuta dalili nyingine: lugha ya kurasa, sarafu ya bei, anwani na simu, na tovuti za nchi zipi zinazokutaja. Hata kwenye mikia ya nchi kuna iliyotumiwa sana na watu wa nje hadi Google ikaamua kutoihesabu kuwa ya nchi tena: .io, .co, .me, .tv, .ai, na kwa mshangao wa wengi, .cd ya Kongo.

Lakini dalili ni dalili tu. Mzee wa Munich alipoketi kutafuta safari yake hakuandika "Tanzania safari". Aliandika kwa Kijerumani, na kwa Kijerumani jina la nchi yetu lina s mahali pa z: Tansania. Ukurasa uliojaa Kiingereza kitupu hauwezi kumfikia kwa urahisi hata ukiupa mkia gani. Ukurasa wa Kijerumani kizuri, ulioandikwa na mtu anayekijua, humfikia hata ukiwa chini ya .com. Kwa hiyo fedha unayotaka kununulia mikia mitano ya Ulaya, nenda kamlipe mfasiri. Hilo ningelisema kwa sauti kubwa kama ningeweza.

Google yenyewe imetupa mfano. Tangu 2017 majibu yake hufuata mahali alipo anayetafuta, hata akifungua google.co.ke akiwa Hamburg. Na Aprili 2025 ilitangaza kwamba anwani zake za nchi zitakuwa zinampeleka kila mtu google.com. Kampuni iliyokuwa na mlango katika kila nchi iliamua mlango mmoja unatosha, mradi ndani kila mtu ahudumiwe kwa lugha yake.

Utaratibu huo unamfaa pia mfanyabiashara mdogo. Chukua jina moja, kisha ndani yake tenga vyumba vya lugha: kurasa za Kijerumani chini ya /de/, za Kifaransa chini ya /fr/, na kadhalika. Faida yake ni kwamba sifa yote ya tovuti inakusanyika mahali pamoja. Blogu ya msafiri wa Uholanzi ikikutaja leo, na gazeti la Toronto likikutaja mwakani, uzito wa yote mawili unaingia kwenye kikoa kimoja. Ukiwa na tovuti nne zenye mikia minne, kila moja inaanza kujijenga peke yake, na zote unazilipia, unazisasisha na kuzilinda wewe.

Anayekutengenezea tovuti atahitaji kuweka alama za lugha zinazoiambia Google ukurasa upi ni wa nani. Mkague hapo, maana makosa ni mengi. Alama ya Kiswahili ni sw. Nimeona tovuti ya Zanzibar iliyotaka kuwakaribisha Waswidi ikaweka sw, ikawa inaiambia Google kwamba maandishi yale ya Kiswidi ni Kiswahili, wakati lugha ile alama yake ni sv. Uingereza nayo ina mtego wake: mkia wa anwani ni .uk, lakini kwenye alama za lugha nchi hiyo ni GB, kwa hiyo huandikwa en-GB. Usiweke UK, maana si alama sahihi hapo.

Sasa .co.tz au .com? Mimi nasema kamata vyote viwili, kisha chagua kimoja kiwe nyumba na kingine kiwe njia ya kufika nyumbani. Yaani mgeni akiandika kimojawapo, anajikuta mahali palepale. Gharama ya jina la pili kwa mwaka ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha wageni wawili lojini, na inakuokoa na mtu mwingine kulichukua.

Kipi kiwe nyumba inategemea unauza nini. Ikiwa unauza Tanzania yenyewe, yaani kupanda Kilimanjaro, shamba la viungo Kizimbani, kahawa ya kijiji chako, basi .co.tz haikupunguzii kitu machoni pa mgeni. Inakuongezea. Watalii wengi wamechoka kulipa madalali walioko London wanaochukua sehemu yao na kumpigia simu mwenyeji Arusha. Mkia wa hapa unamwambia kwamba amempata mwenyewe mwenye gari na mwongozaji. Wenye hoteli wana hata mkia wao, .hotel.tz, ingawa ni wachache wanaoutumia. Lakini ikiwa biashara yako inavuka mipaka, leo Ngorongoro, kesho sokwe wa Hifadhi ya Volcanoes nchini Rwanda, keshokutwa Maasai Mara, .co.tz inakuwa koti la kubana, na hapo .com inakufaa zaidi. Ipo pia .africa, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017 kwa baraka za Umoja wa Afrika. Naipenda kwa maana yake, na kwa shirika au tamasha linalojumuisha nchi kadhaa ningeipendekeza bila kusita. Kwa duka linalomtegemea mteja aandike anwani kwa kukumbuka, ningeiweka pamoja na .com, isikae peke yake.

Kukumbuka kuna uzito kuliko tunavyodhani. Kampuni kubwa ya Marekani, Overstock, mwaka 2011 ilianza kujitangaza kwa jina fupi O.co, ikilipia matangazo ya televisheni na hata uwanja wa michezo. Watu waliona tangazo, wakaenda kwenye kompyuta, wakaandika o.com. Vidole vyao vilikuwa vimezoea. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikarudi kwenye jina lake la zamani. Kama kampuni yenye fedha zile ilishindwa kuwafundisha Wamarekani mkia mpya, wewe na mimi tusijipe kazi hiyo.

Fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Mpigie simu mtu anayeishi nchi unayoilenga, mtamkie anwani mara moja tu kwa mwendo wa kawaida, mwambie aiandike na akutumie alichoandika. Nilimfanyia hivyo rafiki wa mteja wangu aliyeko Chicago. Tulimtamkia jina vizuri, tukamaliza "nukta co nukta tz" kwa Kiingereza chetu cha shule, ambamo herufi ya mwisho ya alfabeti huitwa zed. Wamarekani huiita zee. Mama yule alituletea anwani iliyoishia na "tzed", akauliza kwa dhati kama hiyo ni nchi. Tulirudia mara tatu. Kwenye karatasi hakuna tatizo, kwenye kiungo hakuna tatizo, lakini mgeni anayekutaja kwa rafiki zake mezani hana karatasi. Yule mteja siku hiyohiyo alinunua .com.

Twende upande wa pili, mikia ya nchi za wateja. Kila nchi ina masharti yake. Ufaransa inataka mwenye jina awe na makazi ndani ya Umoja wa Ulaya au nchi chache jirani. Kanada, Marekani na Australia zinataka uhusiano halisi na nchi: uraia, ukaazi, kampuni iliyosajiliwa kule. Ujerumani iko wazi zaidi. Mtu wa Arusha anaweza kusajili .de, ila wasimamizi wakimtaka ataje mtu aliyeko Ujerumani wa kupokea nyaraka rasmi kwa niaba yake, lazima amtaje ndani ya wiki mbili. Uingereza kwa .co.uk haibagui.

Hapa ndugu zetu wa ughaibuni huingizwa. "Binamu yangu yuko Toronto, atanisajilia .ca." Atakusajilia, ndiyo, na kwa mujibu wa masharti jina litakuwa lake. Siku mkigombana kuhusu shamba la babu, au siku akihamia Dubai, tovuti yako imo ndani ya ugomvi ule. Kama binamu ni mbia wa kweli, andikishianeni ubia, kampuni isajiliwe kule, jina liwe la kampuni. Kama si mbia, mwache apumzike.

Kuhusu .eu waulizeni Waingereza. Kwa miaka mingi waliutumia mkia huo kama wenyewe. Nchi yao ilipotoka kwenye Umoja wa Ulaya, Januari 2021 majina yao zaidi ya 80,000 yalizimwa, na mwaka uliofuata wasiotimiza masharti wakanyang'anywa kabisa. Barua pepe zilikoma, maduka yakafungwa, ingawa wenye maduka walikuwa palepale walipokuwa siku zote. Mkia unaotegemea uhusiano wa nchi yako na nchi nyingine unaweza kukatwa na kura ambayo wewe hukupiga.

Kuna jambo jingine katika mikia ya nchi za wateja ambalo wauzaji wa majina hawalitaji kamwe, nalo ndilo lililomgusa dada wa Arusha. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi mbili pamoja. Moja ilihusu hoteli ya Austria na mgeni wa Ujerumani aliyeondoka bila kulipa kwa kutoridhika na huduma. Swali lilikuwa: hoteli inapaswa kumshtaki wapi? Mahakama ikasema kwamba kuwa na tovuti inayofunguka Ujerumani hakutoshi, ila zipo dalili za kuonyesha kwamba mfanyabiashara amewaelekea watu wa nchi fulani kwa makusudi. Ikataja lugha na sarafu zisizo za kwake, simu zilizoandikwa kwa namba ya kimataifa, matangazo ya kulipia, na mkia wa anwani usio wa nchi yake, kwa mfano .de. Hata .com ikahesabiwa dalili mojawapo. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi inamtaka hata mwandaaji aliye nje ya Umoja, anayeelekeza biashara yake huko, aweke dhamana ya fedha za wateja endapo atafilisika. Kwa hiyo mzee wa Munich hakuwa msumbufu alipodai cheti. Alikuwa anadai kile ambacho mlango wenyewe ulimpa haki ya kukitarajia. Ukitaka kuwafuata wateja wa Ulaya kwa nguvu kiasi hicho, zungumza na wakili kabla ya kuzungumza na muuza majina.

Kwa wanaofanya biashara na Oman na Ghuba, na Waswahili wa namna hiyo ni wengi, angalieni kitu kimoja kidogo: .om ni .com iliyokosa herufi moja. Mwaka 2016 watafiti wa usalama walikuta mamia ya majina ya .om yaliyosajiliwa kwa kuiga kampuni mashuhuri, yakimvizia anayekosea kuandika. Ukimpa mteja wa Muscat anwani yako ya .com, mpe kama kiungo au kwa maandishi, aisome. Na kama unamlenga Mchina aliyeko bara la China, mkia si suala la kwanza. Tovuti inayowekwa kwenye seva za kule inahitaji namba ya kibali cha serikali, iwe .com au .cn.

Vijana wa Nairobi, Kigali na Dar wanapenda .io na .ai. Naelewa sababu, ni mifupi na inanukia teknolojia. Lakini kumbukeni kanuni ya herufi mbili: kuna nchi au eneo nyuma yake. .ai ni Anguilla. .io ni visiwa vya Chagos kwenye bahari yetu hii ya Hindi, ambako Uingereza iliwahamisha wenyeji na ambavyo Mei 2025 ilitia saini mkataba wa kuvirudisha Mauritius. Hakuna aliyeufuta mkia huo, na kwa kanuni zilizopo nchi ikiondolewa kwenye orodha mkia wake hupewa miaka 5 ya kuaga, inayoweza kuongezwa hadi jumla ya 10. Ila mikia hufa kweli. .yu ya Yugoslavia ilizimwa mwaka 2010. Wakongo wanaikumbuka .zr ya Zaire, iliyoondolewa mwaka 2001 baada ya nchi kurudia jina la Kongo na kupewa .cd. Jina lililokuwa kwenye .zr halikuwa na pa kukaa.

Tena mwenye nchi ndiye mwenye sheria. Mwaka 2010 Libya ililifunga jina vb.ly, lililokuwa la huduma ya kufupisha viungo, kwa sababu maudhui yake yalikiuka sheria zao. Aliyelimiliki aliuona mkia wa .ly kuwa herufi za kupendeza tu, wenye nchi waliuona kuwa ardhi yao.

Kisha kuna mikia ya bure. Hapa naomba nisikilizwe, kwa sababu wanafunzi na vikundi vya kina mama vilishauriwa sana kuitumia. Kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, iligawa bila malipo majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, mitatu ya mwisho ikiwa ya Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta, na .ml ya Mali. Matapeli waliyajaza. Mwaka 2023 Meta ikaishtaki kampuni hiyo, Gabon ikachukua mkia wake na kufuta majina zaidi ya milioni 7, Mali nayo ikachukua wake, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kuondoka kwenye biashara hiyo. Aliyepewa jina bure hakuwa na pa kulalamika. Na kabla ya hapo barua pepe nyingi zilizotoka kwenye mikia ile zilikuwa zinaishia kwenye sanduku la taka. Mgeni hazioni, wewe unadhani amekupuuza. Baadhi ya mikia mipya inayouzwa kwa bei ya kutupa inabeba mzigo huohuo. Angalia pia bei ya mwaka wa pili kabla ya kufurahia ya mwaka wa kwanza, maana iko inayoanza kwa dola 2 ikahuishwa kwa 40.

Nimalizie na karatasi za umiliki, kwa sababu hapa mimi mwenyewe niliumia. Nilikuwa na jina la .com nililolitumia kwa miaka sita. Akaunti niliifungulia kwa barua pepe ya jina lilelile. Kadi ya benki ikaisha muda, malipo ya mwaka yakakwama, jina likazimwa. Lilipozimwa, barua pepe yangu ilizimwa nalo, na maonyo yote ya msajili, yaani yule aliyeniuzia jina, yalikuwa yakitumwa kwenye sanduku ambalo halikuwepo tena. Niligundua siku mteja aliponipigia simu kutoka Oslo kuuliza kama nimefunga biashara. Nilikuwa bado ndani ya zile siku 30 za mwisho za ukombozi ambazo .com hutoa, nikalipa faini iliyozidi ada ya miaka minne, nikalipata. Wapo waliochelewa wiki moja zaidi wakakuta jina lao limechukuliwa na kuwekwa matangazo ya kamari.

Basi akaunti ya msajili ifungue kwa barua pepe isiyotegemea jina hilo, na jina liandikwe kwa jina la kampuni yako. Lisiandikwe la fundi. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini fundi huhama, huugua, hufa, na nimeona mjane wa fundi akiulizwa nywila ambazo hakuwahi kuzisikia. Lipia miaka kadhaa kwa mpigo kama msajili anaruhusu, na tarehe ya mwisho iandike ukutani ofisini, karibu na leseni ya biashara.

Dada wa Arusha hakuitupa .de. Nilimshauri asiiache, kwa kuwa jina likiachwa mwingine anaweza kuliokota na kuwapokea wateja wake. Alichukua .com iwe nyumba, .co.tz ikaelekezwa kwake, na .de inampeleka mgeni moja kwa moja kwenye chumba cha Kijerumani ndani ya .com. Maandishi ya programu yalifutwa yote. Mwongozaji wake mmoja, aliyekisoma Kijerumani miaka miwili na kuwapandisha Wajerumani mlimani kwa miaka minane, aliketi na mwalimu wake wakaandika kurasa sita badala ya thelathini. Mstari wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, unasema kwamba ofisi iko Arusha, Tanzania, na kwamba simu hujibiwa kwa Kijerumani Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni, mwongozaji akiwa hayuko mlimani.